Karatasi haina chaji, mbona inavutwa?

Karibu kila aliyepita darasa la fizikia ameonyeshwa jaribio lile. Kitana cha plastiki kinapitishwa kwenye nywele kavu, kinasogezwa karibu na vipande vidogo vya karatasi, na vipande vinaruka na kunata. Kisha ubaoni inaandikwa kanuni: chaji zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana. Wanafunzi wananakili, kengele inalia, somo limekwisha.

Kinachonikera ni kwamba kanuni ile, ingawa ni kweli tupu, haielezi kilichotokea mezani. Kitana kina chaji, sawa. Karatasi je? Hakuna aliyeisugua. Ilikuwa imelala pale, haina chaji ya ziada, si chanya wala hasi. Kwa kanuni ya ubaoni peke yake haikupaswa hata kutikisika. Naamini kwamba mtu akilishikilia swali hili mpaka mwisho atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya umeme tuli, na njiani atakutana na wazo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika fizikia: uga wa umeme.

Tuanze na chaji yenyewe. Kusugua hakutengenezi chaji. Kila kitu unachokigusa, pamoja na mkono unaokigusa, kimejaa chaji tangu mwanzo. Katika kila atomu kuna kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya, na kukizunguka kuna elektroni, zenye chaji hasi. Ukubwa wa chaji ya protoni na ya elektroni ni uleule. Vipimo vyote vilivyowahi kufanywa havijaona tofauti hata chembe. Gramu moja tu ya maada ya kawaida ina elektroni ambazo chaji yake ikijumlishwa inafika karibu kulombu 48,000 (kulombu ni kipimo cha chaji). Radi moja kwa kawaida hushusha kulombu chache, au makumi kadhaa. Kwa hiyo kipande cha plastiki kisichozidi uzito wa jani kimebeba chaji ya kuzidi radi nyingi, ila huisikii kwa sababu chanya na hasi zimelingana, kama mizani iliyolemewa sawasawa pande zote mbili.

Kitana kinapopita kwenye nywele, elektroni kadhaa huhama kutoka kwenye nywele na kubaki kwenye plastiki. Ni chache kiasi gani? Tuseme kitana cha gramu 20 kimepata nanokulombu 10, yaani sehemu 10 za bilioni za kulombu moja, kiasi kinachotosha kabisa kunyanyua karatasi. Hizo ni elektroni bilioni 60 na kitu. Inaonekana ni umati, lakini ukigawanya kwa elektroni zote zilizokuwamo kwenye kitana tangu awali, unapata nyongeza ya elektroni moja kwa kila trilioni 100. Usawa umeyumba kidogo hivyo, na tayari karatasi inaruka. Na hakuna kilichoongezeka ulimwenguni: elektroni zilizoingia kwenye kitana ndizo zilizotoka kwenye nywele, ndiyo maana nywele nazo zinasimama na kutawanyika, kila unywele ukiusukuma mwenzake kwa chaji chanya iliyobaki.

Kusugua kwenyewe si lazima. Kinachohitajika ni vitu viwili vigusane kisha viachane. Kusugua huongeza tu sehemu zinazogusana. Ajabu ni kwamba jambo hili, ambalo Wagiriki wa kale walilijua kwa kusugua kaharabu, bado linajadiliwa kwenye maabara hadi leo. Kwa metali, hesabu za elektroni zinatosha. Kwa plastiki, mpira na kioo, wapo wanaoonyesha kwamba elektroni ndizo zinazohama, wapo wanaoonyesha ioni, yaani atomu au molekuli zilizopungukiwa au kuzidishiwa elektroni, na wapo wanaoonyesha vijisehemu vidogo mno vya kitu chenyewe vikibanduka pamoja na chaji yake. Hata vipande viwili vya mpira wa aina moja vikigusanishwa na kuachanishwa vinaweza kuondoka kimoja kikiwa chanya na kingine hasi. Nalisema hili kwa furaha, kwa sababu vitabu vingi vya shule huandika juu ya kusugua kana kwamba suala lilifungwa zamani.

Majina ya chanya na hasi tunayadaiwa na Benjamin Franklin, katika miaka ya 1740. Mfaransa Charles du Fay alikuwa ameshaonyesha mwaka 1733 kwamba umeme uko wa namna mbili; Franklin akaamua upi uitwe upi, bila njia yoyote ya kujua ni kipi hasa kinachosafiri. J. J. Thomson alipoitambua elektroni mwaka 1897 ikawa imeangukia upande wa hasi, na tangu hapo wanafunzi wa umeme huchora mkondo ukienda upande mmoja huku elektroni zikienda upande wa pili.

Nguvu ya chaji ilipimwa vizuri na Charles-Augustin de Coulomb mwaka 1785. Chombo chake nakipenda sana. Alining'iniza kijiti chepesi kwenye waya mwembamba mno, mwishoni mwa kijiti akaweka kitufe chenye chaji, halafu akasogeza kitufe kingine chenye chaji karibu nacho. Vitufe vikasukumana, waya ukajipinda, na pembe ya mpindo ikawa ndiyo kipimo cha kani. Umbali kati ya vitufe ukipungua kwa nusu, kani inakuwa mara nne. Umbali ukiwa theluthi, kani inakuwa mara tisa. Ndiyo kanuni ya Coulomb, na kitu cha kukumbuka ndani yake ni namba inayoiongoza: chaji mbili za kulombu moja moja, zikiwa zimeachana mita moja, zinasukumana kwa niutoni bilioni 9. Huo ni uzito wa takriban tani 900,000. Na tumeona gramu moja ya maada ina kulombu elfu nyingi. Kama usawa wa chanya na hasi ungevurugika hata kwa asilimia ndogo tu, hakuna kitu kigumu kingebaki kizima.

Ukilinganisha na kani ya mvutano inayotuweka ardhini, tofauti inatisha. Kati ya protoni moja na elektroni moja, kani ya umeme huishinda kani ya mvutano kwa kiwango cha 2 ikifuatwa na sifuri 39, na zaidi kidogo. Ndiyo sababu kitana kimoja, chenye nyongeza ile ya elektroni moja kwa trilioni 100, kinaweza kuinyang'anya dunia nzima kipande cha karatasi.

Sasa turudi kwenye karatasi, maana bado haina chaji.

Kitana kikiwa hasi kinakaribia, kinazisukuma elektroni zilizo ndani ya karatasi ziende mbali, na kuvivuta viini vya atomu vije karibu. Karatasi ni kihami, kwa hiyo elektroni hazina uhuru wa kusafiri. Zinachoweza ni kusogea kidogo ndani ya atomu na molekuli zao, umbali mdogo kuliko hata upana wa atomu. Inatosha. Upande wa karatasi unaotazamana na kitana unakuwa na uchanya kidogo, upande wa nyuma unakuwa na uhasi kidogo, na jumla inabaki sifuri. Lakini upande chanya uko karibu na kitana kuliko upande hasi, na Coulomb ametuambia karibu ni zaidi. Mvuto wa upande wa mbele unaushinda msukumo wa upande wa nyuma. Karatasi inaruka.

Angalia kilichoamua matokeo hapa. Kama nguvu ya kitana ingekuwa sawa kila mahali, mbele na nyuma ya karatasi, mvuto na msukumo vingefutana kabisa na karatasi ingebaki mezani ikiwa imenyooshwa tu kwa ndani. Karatasi inavutwa kwa sababu nguvu ya umeme inabadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kwa hiyo kuzungumzia chaji mbili zinazovutana hakutoshi tena. Tunahitaji kuzungumzia hali ya nafasi yenyewe iliyo kati ya kitana na meza, pointi kwa pointi.

Ukiendelea kutazama utaona jambo la pili ambalo wengi hulipita. Baadhi ya vipande vinanata kwenye kitana na kutulia. Vingine vinakigusa, vinakaa kidogo, kisha vinarushwa kwa nguvu kama vilivyochukizwa. Hivi vya pili vimepokea sehemu ya chaji ya kitana kwa kugusana, sasa ni hasi kama chenyewe, na kanuni ya ubaoni hatimaye inafanya kazi. Karatasi yenye unyevunyevu kidogo hupitisha chaji kwa urahisi zaidi, hivyo hurushwa mapema. Na hewa ikiwa na unyevu mwingi jaribio zima hufa: utando mwembamba wa maji hujipaka juu ya kitana na chaji huvujia humo hadi kwenye mkono wako.

Hali ya nafasi niliyoitaja ndiyo uga wa umeme, na mtu wa kwanza kuuona kwa macho ya akili alikuwa Michael Faraday. Alikuwa mtoto wa mhunzi, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu, na hesabu za juu hakuwa nazo kabisa. Wenzake waliobobea katika hesabu waliridhika kusema kwamba chaji hii inaisukuma chaji ile kutoka mbali, na hapo katikati hakuna kitu. Faraday hakuridhika. Alichora mistari inayotoka kwenye chaji chanya na kuingia kwenye chaji hasi, ikisongamana penye nguvu na kutawanyika penye udhaifu, akashikilia kwamba nafasi ile imejaa kitu.

Maelezo ya leo ni mepesi. Weka chaji ndogo ya majaribio mahali popote, pima kani inayoipata, gawanya kwa ukubwa wa chaji hiyo. Jibu ni uga wa umeme wa mahali hapo: una ukubwa na una mwelekeo, na mwelekeo wake ni ule ambao chaji chanya ingesukumwa. Hupimwa kwa niutoni kwa kulombu, au kwa volti kwa mita, ambavyo ni kitu kimoja. Watu wengi husoma hapo na kuhitimisha kwamba uga ni mbinu ya mahesabu tu, njia fupi ya kuandika kanuni ya Coulomb. Mimi nakataa, na sababu yangu ni hii.

Chukua chaji mbili, moja hapa na nyingine mwezini. Ile ya mwezini isogeze ghafla. Ya hapa itajua lini? Si papo hapo. Kwa muda wa sekunde moja na robo hivi itaendelea kusukumwa kana kwamba mwenzake bado yuko palepale pa zamani. Habari ya mabadiliko inasafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, na katika muda huo nishati uliyoitumia kuitikisa chaji ile haiko kwenye chaji ya kule wala ya huku. Iko njiani, ndani ya uga. James Clerk Maxwell aliyageuza mawazo ya Faraday kuwa milinganyo, na katika chapisho lake la mwaka 1865 ikadhihirika kwamba mawimbi ya uga wa umeme na uga sumaku yanakwenda kwa kasi ya mwanga, na kwamba mwanga wenyewe ni mawimbi hayo. Kitu kinachobeba nishati na kusafiri peke yake baada ya kuachana na chanzo chake siwezi kukiita mbinu ya mahesabu.

Uga una kikomo chake ndani ya hewa. Ukifika takriban volti milioni 3 kwa mita, ambazo ni volti 3,000 kwa milimita, hewa inashindwa kuendelea kuwa kihami. Elektroni chache zilizo huru hewani zinaongezwa kasi hadi zinagonga molekuli na kung'oa elektroni nyingine, hizo nazo zinagonga nyingine, na kufumba na kufumbua hewa imekuwa njia ya umeme. Ndiyo cheche. Ukitembea juu ya zulia la nailoni siku kavu, kisha kidole chako kikapigwa cheche milimita 3 kabla ya kugusa kitasa cha mlango, unaweza kukisia kwamba mwili wako ulikuwa umefikia kama volti 10,000.

Namba hiyo huwatisha watu, na hapa inafaa kutulia. Mwili wa mtu huhifadhi chaji kidogo sana: kwa volti 10,000, ni kama kulombu moja kugawanywa kwa milioni. Nishati yake yote ni milijouli 5 hivi, na inakwisha kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Inauma, haiui. Maumivu yenyewe yanatokana na mkondo wote kupita kwenye nukta moja ya ngozi. Ukishika ufunguo kwa kiganja na kuutanguliza kwenye kitasa, cheche italia vilevile lakini mkono hautaumia, kwa sababu mkondo umetawanyika.

Hatari iko kwingine. Mvuke wa petroli uliochanganyika vizuri na hewa unahitaji kiasi cha robo tu ya milijouli kuwaka. Cheche yetu ina mara 20 ya hiyo. Ndiyo maana anayejaza mafuta mwenyewe anashauriwa asirudi kukaa kwenye kiti cha gari katikati ya kujaza: kuinuka kwenye kiti ni kuachanisha vitambaa viwili, na mkono unaofuata kugusa pampu unaweza kuwa umebeba chaji. Kwenye vifaa vya kielektroniki hali ni ya siri zaidi. Binadamu huanza kuhisi cheche kuanzia volti 3,000 hivi, ilhali baadhi ya vipuri huharibiwa na volti zisizofika 100. Unaweza kuua kipuri kwa mguso ambao hukuusikia kabisa. Mkanda wa mkononi unaovaliwa na mafundi wa kompyuta, wenye waya wa kwenda ardhini, kazi yake ni hiyo: kuiondoa chaji polepole kabla haijajikusanya.

Vipitishi, yaani metali na vyote vinavyoruhusu chaji kusafiri, huufanyia uga jambo moja kubwa. Chaji ndani yake husogea mpaka uga wa ndani uwe sifuri, kisha hutulia, na ziada yote hukaa juu ya uso. Faraday alilithibitisha mwaka 1836 kwa kujenga chumba cha mchemraba chenye futi 12 kila upande, akakizungushia kipitishi, akaingia ndani na vyombo vyake vya kupimia huku nje kikichajiwa hadi kutoa cheche. Ndani hakupata umeme wowote. Kwa sababu hiyohiyo gari lenye bodi ya chuma ni mahali pazuri pa kuwa wakati wa radi. Matairi ya mpira, ambayo watu huyasifia, hayahusiki. Radi iliyovuka kilomita kadhaa za hewa haizuiwi na mpira.

Uga hauko maabara tu. Nje, siku ya anga safi, kuna uga wa takriban volti 100 kwa mita karibu na ardhi, ukielekea chini. Ardhi ina chaji hasi, hewa ya juu ina chanya. Kati ya usawa wa pua yako na ardhi kungekuwa na zaidi ya volti 150 kama usingekuwapo. Huzihisi kwa sababu mwili ni kipitishi na uga unajipinda kuuzunguka. Chaji hii huvuja kupitia hewa wakati wote, na ingekwisha kwa muda mfupi kama ngurumo na mawingu ya mvua duniani kote yasingekuwa yanairudisha. Meli ya utafiti Carnegie, ilipopima uga huu baharini, ilikuta unapanda na kushuka kwa saa zilezile popote ilipokuwa, na kilele chake ni saa 1 jioni kwa saa za Greenwich. Mapigo hayo yanafuata mchana unavyolizunguka dunia na kuamsha ngurumo za bara baada ya bara. Mtu aliyekaa katikati ya bahari tulivu, akiwa na kipimo tu, anazipima ngurumo za dunia nzima.

Na wapo viumbe wasiohitaji kipimo. Nyuki anaporuka hupata chaji chanya, na maua kwa kuwa yameshikamana na ardhi huelekea kuwa hasi; chavua huruka kumfuata nyuki hata kabla hajatua, kwa mtindo uleule wa karatasi na kitana. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol waliwapa nyuki wakubwa wenye manyoya maua bandia: yenye volti 30 yalikuwa na maji ya sukari, yasiyo na volti yalikuwa na kwinini chungu. Nyuki walijifunza kuchagua yale ya sukari. Volti zilipozimwa wakarudi kubahatisha. Mwaka 2018, chuoni hapohapo, buibui wadogo waliwekwa kwenye sanduku lisilo na upepo hata kidogo. Uga ulipowashwa, buibui waliinuka juu ya ncha za miguu, wakatoa nyuzi hewani na kupaa. Ulipozimwa, wakashuka.

Ukitaka kuanza kujionea mwenyewe, mimi hupendekeza selotepu kuliko kitana, maana haihitaji nywele wala bahati. Bandika kipande cha urefu wa shibiri moja juu ya meza; hicho ni cha kulalia. Juu yake bandika vipande viwili kando kwa kando, vyenye ncha iliyokunjwa ya kushikia. Vibandue kwa haraka na uvining'inize migongo ikitazamana: vitakimbiana, kwa sababu vimetoka mahali pamoja na vina chaji moja. Kisha weka kimoja juu ya kingine, vyote juu ya kile cha kulalia, vibandue vyote viwili pamoja, pitisha kidole juu yake kutoa chaji, halafu ndipo uvitenganishe. Sasa vitavutana hadi vigandane, kwa sababu elektroni alizopoteza mmoja amezipata mwenzake. Ukitaka kujua yupi ni hasi, leta kitana ulichopitisha kwenye nywele. Kwa kawaida chenyewe ni hasi, na kipande kitakachokikimbia ndicho hasi.

Uga unaotokea kwenye mstari wa kubandukia si mdogo. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walikunjua rola ya selotepu ya kawaida ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, na ikatoa eksirei za kutosha kupiga picha ya mifupa ya kidole. Mezani kwako halitatokea: elektroni zinazoruka kati ya gundi na plastiki hugonga molekuli za hewa kabla hazijapata kasi ya kutoa eksirei.